Badilisha sura ya nyumba kila msimu bila kugusa fanicha

Nyumba iliyopooza mara nyingi haijapungukiwa na mapambo, imezidiwa nayo. Kila msimu kinaongezwa kitu, hakitolewi kitu, na baada ya miaka michache kabati la televisheni limebeba maua ya plastiki yenye vumbi, fremu sita za picha, saa iliyosimama na kikapu kisicho na kazi. Ukileta pambo jipya juu ya hayo yote, halionekani. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya msimu ni kutoa.

Anza na chumba kimoja, si nyumba nzima. Tandika shuka kuukuu kwenye sakafu ya chumba kingine, kisha hamishia hapo kila kitu kidogo kilichoko mezani, kwenye rafu na ukutani. Futa vumbi, osha vioo vya madirisha ndani na nje, halafu kiache chumba hivyo hivyo hadi kesho yake. Macho yakishazoea utupu, rudisha kama theluthi moja tu. Vilivyobaki vifunge kwenye boksi vingoje zamu yao; vikitoka tena baada ya miezi kadhaa utaviona kama vipya.

Kuhusu rangi, kuna hesabu ya wapambaji ambayo haijawahi kuharibu chumba: 60, 30, 10. Asilimia 60 ya kinachoonekana ni rangi tulivu ya kuta na fanicha kubwa, 30 ni mapazia na zulia, 10 ni rangi ya kuchangamsha: foronya za mito ya kochi, maua, kitambaa cha meza. Msimu ukibadilika, gusa ile 10. Ukiwa na nguvu zaidi, gusa na mapazia. Anayebadilisha ile 60 kila mwaka anajitafutia gharama, maana kochi jekundu linataka kila kitu kingine kilifuate.

Foronya za mito ya kochi

Hakuna kinachobadilisha sebule haraka kama hizi, na hazihitaji zipu. Tuchukue mto wa sentimita 45 kwa 45. Kitambaa cha mita 1.5 chenye upana wa sentimita 150 kinatosha foronya 3 na bado kinabaki kipande. Kifue kwanza kwa maji utakayotumia siku zote, kikauke, kipige pasi, ndipo ukate. Pamba isiyofuliwa hurudi ikiguswa na maji, na foronya iliyokuwa sawasawa inaanza kuubana mto hadi mshono unaachia.

Kwa kila foronya kata kipande kimoja cha mbele cha sentimita 45 kwa 45, na viwili vya nyuma vya sentimita 45 kwa 30. Kwa kila kipande cha nyuma, kunja upande mmoja wa sentimita 45 kwa sentimita 1, piga pasi, kunja tena sentimita 1, shona. Sasa laza kipande cha mbele mezani, uso juu. Weka juu yake vile viwili vya nyuma, uso chini, pindo zikielekea katikati. Vitapandana kwa sentimita 11 hivi. Bana kwa pini, shona kuzunguka pande zote nne ukiacha sentimita 1 ya mshono, kisha piga zigizaga kwenye kingo zisifumuke. Punguza ncha za kona bila kugusa uzi, geuza, chokoa kona kwa kitu butu kama mpini wa kijiko. Mkasi hutoboa.

Foronya itatoka na sentimita 43, pungufu ya mto kwa 2. Hiyo ni makusudi. Ukishona ya 45 kamili, mto unalegea ndani baada ya wiki chache na kona zinaning'inia tupu. Jambo jingine ni kona zilizochongoka kama masikio: ziondoe kwa kuanza kuupeleka mshono ndani taratibu ukiwa sentimita 10 kabla ya kona, hadi ufike sentimita 1 zaidi ndani kwenye kona yenyewe, halafu urudi nje vivyo hivyo upande wa pili. Na usipunguze mpandano wa nyuma chini ya sentimita 8, la sivyo mgongo wa mto unafunguka mtu akikaa.

Kitambaa cha mistari au maua yenye kichwa na miguu kipangie kabla ya kukata. Foronya moja yenye maua yaliyopinduka huonekana kuliko zile nne zilizo sawa.

Mapazia

Kosa linalofanya chumba kionekane kifupi na chenye giza ni bomba la pazia kufungwa juu tu ya fremu ya dirisha na kuishia pale dirisha linapoishia. Lipandishe sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu, na lizidi dirisha kwa sentimita 20 kila upande. Pazia likifunguliwa linakaa mbele ya ukuta, kioo chote kinabaki wazi, na dirisha lile lile linaonekana kubwa zaidi.

Upana wa kitambaa uwe mara 2 ya urefu wa bomba; kitambaa chepesi kama neti kipe mara 2.5. Dirisha la sentimita 120 linataka bomba la 160, kwa hiyo kitambaa cha 320, yaani mapazia mawili ya 160 kila moja. Ukibana hapa, pazia likifungwa linanyooka kama shuka lililoanikwa, na hakuna rangi itakayoliokoa. Kwa urefu, pima kutoka kwenye pete hadi sakafuni, toa sentimita 1 au 2, kisha ongeza 25 za pindo la juu na la chini. Lining'inize siku mbili tatu kabla ya kushona pindo la chini, maana kitambaa kizito hujivuta kwa uzito wake. Anayeshona pindo siku ile ile hujikuta na pazia linalofagia sakafu.

Kwa misimu, bomba mbili sambamba ni raha: neti nyuma, zito mbele. Wakati wa joto funga pazia la upande unaopigwa na jua kabla chumba hakijapata moto, si baada yake. Bitana nyeupe ikitazama nje hurudisha sehemu ya mwanga na kulinda rangi ya kitambaa. Wakati wa baridi pazia lenye bitana linapunguza ubaridi unaoingia kupitia kioo, lakini lifunguliwe mchana jua liingie. Msimu wa mvua ndio wa kuangaliwa zaidi. Kioo kinatoa jasho, pazia linalokigusa linanyonya unyevu, na madoa meusi ya ukungu yanaanzia kwenye pindo. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya kitambaa na kioo, na dirisha lifunguliwe kila siku hata kwa nusu saa.

Taa

Kabla ya kununua taa mpya, soma namba ya rangi ya mwanga kwenye balbu ulizo nazo, ile inayofuatwa na herufi K (kelvini). 2700K hadi 3000K ni mwanga wa njano uliotulia, unafaa sebuleni na chumbani. 4000K ni mweupe wa kawaida, mzuri jikoni na mezani pa kazi. 6500K ni ule wa kibuluu unaofaa karakana. Sebuleni jioni unawapausha watu nyuso. Tatizo la nyumba nyingi ni kuchanganya: balbu moja imeungua, ikaletwa yoyote iliyopatikana, na sasa chumba kimoja kina rangi mbili za mwanga.

Taa moja ya dari hutupa vivuli chini ya macho na kuacha pembe gizani. Ongeza ya mezani au ya kusimama kwenye pembe yenye giza zaidi, ukingo wa chini wa kofia ya taa ukiwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa, ili balbu isimchome. Zile nyaya za taa ndogo ndogo za sikukuu zichunguze kama zimeandikwa kuwa ni za ndani au za nje. Za ndani hazistahimili mvua hata barazani.

Maua

Shada lisilodumu siku tatu mara nyingi limeuawa na maji yenyewe. Bakteria huzaliana kwenye chombo, wanaziba mirija ya mashina, na ua linanyauka likiwa limesimama ndani ya maji. Kwa hiyo osha chombo kwa sabuni kama unavyoosha bilauri. Toa majani yote yatakayozama. Kata mashina mshazari, sentimita 2 au 3 kutoka mwisho, kwa kisu kikali. Mkasi butu huyaponda. Ule mshazari unaongeza sehemu ya kunywea, na shina halikai bapa kwenye kitako cha chombo likajiziba.

Kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu weka kijiko kikubwa 1 cha sukari na vijiko vikubwa 2 vya siki nyeupe. Sukari ni chakula cha ua, siki inazuia bakteria. Ukiweka sukari peke yake unawalisha bakteria pia, na maji yananuka kesho yake. Usichanganye siki na dawa ya klorini kwa tamaa ya kuua zaidi. Vikikutana vinatoa gesi yenye sumu. Badilisha maji kila baada ya siku 2, na kila mara punguza shina sentimita 1. Chombo kiwe mbali na jua, feni na bakuli la matunda: matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua.

Kupanga si kipaji. Urefu wa maua uwe kama mara moja na nusu ya urefu wa chombo. Mdomo wa chombo ukiwa mpana, pitisha tepu nyembamba ya kuona ndani, mistari ya kwenda na ya kukatiza, upate miraba ya sentimita 2 hadi 3; kila shina lina tundu lake na halianguki pembeni. Maua yakikosekana, matawi matatu ya majani mabichi kwenye chupa ya kioo yanatosha, na mara nyingi yanapendeza kuliko maua machache yaliyotawanywa.

Ukitaka pambo la mlangoni litakalodumu, kausha maua na nyasi wakati wa kiangazi. Msimu wa mvua yanaota ukungu kabla hayajakauka. Funga mashina 6 hadi 10 pamoja kwa mpira, si uzi, kwa sababu mashina husinyaa yakikauka: mpira unayafuata, uzi unayaachia yanadondoka. Yaning'inize kichwa chini, mahali penye giza na hewa, wiki 2 hadi 3. Jua lingeyakausha upesi lakini linafyonza rangi.

Kisha tafuta pete ya waya yenye kipenyo cha sentimita 30. Tengeneza kwanza vishada 19 au 20 vya urefu wa sentimita 12 hadi 15 na uvipange mezani uone kama vinalingana. Wanaotengeneza kimoja kimoja huku wakifunga huanza na vinono na kumaliza na vikonda, na duara linaonekana limeliwa upande mmoja. Funga waya mwembamba kwenye pete, laza kishada cha kwanza, zungusha waya mara 3 kwa nguvu bila kuukata, laza cha pili kikifunika mashina ya cha kwanza, sentimita 5 mbele. Vyote vielekee upande mmoja. Cha mwisho kiingize mashina yake chini ya kichwa cha kile cha kwanza.

Mimea ya vyungu haina mengi. Chungu kiwe na tundu chini, na kabla ya kumwagilia ingiza kidole sentimita 2 au 3. Udongo ukiwa na unyevu, acha. Wakati wa baridi na mvua mimea hunywa kidogo, na mingi hufa kwa huruma ya mwenye nyumba.

Mshumaa nao, mara ya kwanza uuache uwake hadi uso wote uyeyuke, kama saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo, usipite saa 4. Ukiuzima mapema unachimba shimo katikati kila ukiwashwa. Utambi uwe milimita 5, na pazia lisiwe karibu.

Kuhifadhi hadi zamu ijayo

Mapambo mengi huharibikia kwenye boksi. Vitambaa vifuliwe bila wanga wa kunyooshea, kwa sababu wanga huvuta wadudu, na vikauke kabisa. Kitambaa kilichobaki na unyevu kikifungwa kwenye mfuko wa plastiki kinatoka na madoa yasiyotoka. Ni afadhali kukifunga ndani ya foronya kuukuu ya pamba, ndipo kiingie kwenye boksi. Taa zenye betri zitolewe betri, maana zikivuja zinakula vichuma vya ndani. Nyaya za taa zizungushe kwenye kipande cha kadibodi chenye mikato miwili ya kushikilia ncha, plagi ikibaki nje ili uzijaribu msimu ujao bila kuzifungua.

Piga picha ya chumba kabla ya kukipangua. Ubavuni mwa boksi, si juu ya kifuniko ambapo boksi jingine litaziba, andika msimu, chumba na kilichomo, pamoja na vipimo vya mito na madirisha, ili siku ukikuta kitambaa kizuri usikisie mita.