Maswali na majibu: Shabiki ana uzito gani kwenye hesabu za klabu kubwa?

SWALI: Nasikia klabu kubwa za Uingereza siku hizi zinaishi kwa fedha za televisheni na wadhamini, na viingilio ni fedha ndogo tu. Je, ni kweli zinaweza kuendelea hata uwanja ukiwa mtupu? Na sisi tunaolipa shilingi elfu moja kutazama mechi kwenye kibanda umiza, tumo kwenye hesabu zao au hatumo? (Shabiki wa Manchester United, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu, klabu yako iko kwenye soko la hisa la New York tangu 2012, kwa hiyo hesabu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Tuanze nazo.

Katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2025, United iliingiza pauni milioni 666.5. Udhamini, jezi na biashara nyingine vilileta milioni 333.3. Televisheni ilileta 172.9. Siku za mechi, yaani tiketi pamoja na vinavyouzwa uwanjani, zilileta 160.3. Hiyo ni karibu robo ya mapato yote. Wafanyakazi wote, wachezaji wakiwemo, waligharimu milioni 313.2 mwaka huo, kwa hiyo mapato ya uwanjani peke yake yangetosha kulipa nusu ya gharama hiyo. Anayeziita fedha ndogo hajazisoma hesabu.

Linganisha na mwaka uliotangulia. Televisheni ilikuwa imeleta milioni 221.8, na siku za mechi 137.1. Msimu wa 2024/25 timu haikucheza Ligi ya Mabingwa na ilimaliza nafasi ya 15, kwa hiyo fedha za televisheni zikaporomoka kwa karibu milioni 49. Za uwanjani zikapanda kwa milioni 23! Sababu moja ni kwamba mechi za nyumbani ziliongezeka, kwa kuwa timu ilifika fainali ya Europa League. Nyingine ni bei: katikati ya msimu klabu iliamua kuuza tiketi zilizobaki za wanachama kwa pauni 66, bila punguzo kwa watoto wala wazee. Kwa jicho la mhasibu, shabiki ndiye mteja anayeendelea kulipa hata timu ikifungwa kila wiki. Kwangu mimi, kumpandishia bei mteja wa namna hiyo, tena katika msimu mbaya kiasi hicho, ni kumdhulumu.

Ama kuhusu uwanja mtupu, jaribio hilo tulilishuhudia wakati wa korona. Msimu wa 2018/19 United ilipata milioni 110.8 siku za mechi. Msimu wa 2020/21, milango ikiwa imefungwa karibu mwaka mzima, ilipata 7.1. Klabu haikufa, kwa sababu televisheni iliendelea kulipa. Lakini kumbuka tulichosikia kwenye runinga: vituo viliweka kelele za mashabiki zilizorekodiwa ili mechi isifanane na mazoezi. Ligi nayo ilikubali kuzirudishia kampuni za televisheni sehemu ya fedha zake, kwa kuwa ratiba ilivurugika na mechi zikachezwa bila watu. Shangwe za jukwaani ni sehemu ya bidhaa ambayo televisheni inainunua, na wanaozipiga ndio wanaolipa kiingilio.

Hata ile nusu inayotoka kwenye biashara chanzo chake ni watu. Mwaka 2023 Adidas iliongeza mkataba wake na United kwa miaka 10 hadi 2035, kwa kima cha chini cha pauni milioni 900. Hakuna mfanyabiashara anayetoa ahadi ya namna hiyo kwa ajili ya wachezaji 11. Anatoa kwa sababu ana hakika watu watanunua jezi.

Kuwa na uzito kwenye hesabu na kuwa na sauti ni mambo mawili, lakini sauti nayo ipo watu wakiungana. Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka Anfield dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, na siku chache baadaye wamiliki wakaufuta mpango huo. Aprili 2021 klabu sita za Uingereza zilijitoa kwenye Super League, ligi mpya ya klabu kubwa za Ulaya, ndani ya siku mbili, mashabiki wakiwa wamefunga barabara nje ya Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea.

Sasa elfu moja yako. Mwenye kibanda anaitumia kulipia kifurushi, kampuni ya kisimbuzi inalipia haki za matangazo, ligi inazigawia klabu. Kinachofika Old Trafford kutoka kwenye noti yako ni kidogo sana. Lakini tangu msimu wa 2022/23 Ligi Kuu ya Uingereza inapata fedha nyingi zaidi kwa kuuza haki nje ya nchi kuliko ndani, na nje ya nchi ni pamoja na hapo Morogoro. Kwa hiyo mmo, kwa wingi wenu. Ila jezi ya mtumba au feki unayovaa haiiletei klabu hata senti, na sikulaumu: bei ya halisi inaweza kumaliza mshahara wa wiki kadhaa. Ukitaka noti yako ionekane moja kwa moja kwenye hesabu za klabu, ipeleke uwanjani siku klabu ya Mtibwa inapocheza nyumbani.