Sauti ya babu imekwama kwa faili za .dvf

SWALI: Fundi habari yako, mimi ni msomaji wako hapa Mamboleo, Kisumu. Babu yetu alikuwa mvuvi Dunga, na kabla atuache mjomba alimrekodi na kile kirekoda kidogo cha Sony, anaeleza nyavu, ngege, nani alizaa nani, kama masaa tisa hivi. Kirekoda kilishakufa. Faili ziko kwa laptopu lakini zote zinaishia na .dvf, simu hazifungui, hata VLC imekataa. Kijana wa saiba Kondele alibadilisha jina ikawa .mp3 akanichaji mia mbili, bado kimya tu. Ukumbusho ni Disemba na kila mtu anataka kumsikia mzee. Nifanyeje?

JIBU: Pole dadangu, hiyo mia mbili imeenda. Kubadilisha jina la faili ni kama kuandika "sukari" kwa mkebe wa chumvi, ndani hakuna kilichobadilika. Rudisha majina vile yalikuwa, alafu kabla ya kitu chochote kopi foda yote kwa flashi mbili, moja ikae kwa mtu mwingine.

Shida ni kwamba Sony walikuwa na njia yao wenyewe ya kubana sauti, na hizo .dvf (na ndugu zake .msv) zinafunguliwa na programu yao ya Windows, Digital Voice Editor, ile ilikuwa inakuja na sidii ndani ya boksi. Uliza mjomba kama sidii bado iko, watu wa zamani hawatupangi boksi. Windows mpya ikiisumbua tafuta laptopu nzee ya XP au Windows 7, mtaani hazikosekani. Tafadhali usiokote hiyo programu kwa tovuti usiyoijua, na zile tovuti za "tuma faili tukubadilishie" mimi siziamini na maneno ya familia, hapo kuna mambo ya shamba na ndoa mle.

Ikifunguka, ingiza faili na uzisave kama WAV, yaani sauti isiyobanwa. Usiende MP3 moja kwa moja hata kama kitufe kiko, kwa sababu sauti tayari ilibanwa mara moja na kila ukibana tena inapungua, sasa WAV ndio itakuwa mama ya kopi zingine zote. Ni nzito lakini: chaneli moja, biti 16, hezi 44,100, inakula karibu MB 318 kwa saa, masaa tisa inakaribia GB 3, na nani atatuma hiyo na bando ya siku?

Hapo ndio Opus inaingia. Ni fomati ya bure ya kubana sauti, iliyokubaliwa rasmi 2012, na umeitumia bila kujua maana voisi za WhatsApp ni Opus. Weka ffmpeg, programu ya kubadilisha fomati za sauti, pia ni ya bure, kisha fungua dirisha la kuandika amri (Command Prompt) kwa foda yenye WAV, uandike:

ffmpeg -i babu01.wav -c:a libopus -b:a 24k babu01.opus

Hiyo 24k ni kilobiti 24 kwa sekunde, saa moja inakuwa MB 11 hivi, yote tisa haifiki MB 100. Kuongeza hadi 128 ni kujaza simu bure, sauti ambayo kirekoda hakikushika hairudi. Wale wazee wenye simu inakataa .opus watolee MP3, lakini itoke kwa WAV, sio kwa Opus.

Kitu kimoja nimekumbuka, kama mzee alirekodiwa chini ya mabati na mvua inanyesha, chukua dakika moja ya hapo ujaribu kwanza na uvae iafoni. Mvua ikianza kugugumia kama maji yanatoka kwa chupa, panda 32k urudie.