Raga ya wachezaji 13 huku Uingereza: majibu kwa vijana wa nyumbani

Mwanangu, maswali yako na ya wenzako wa timu nimeyapata yote. Mnataka kujua kama ni kweli mchezaji wa raga ya wachezaji 13 huku kaskazini mwa Uingereza analipwa kama wa kandanda, kama kijana kutoka Kakamega anaweza kusajiliwa, na kama mtoe zile laki tatu ambazo wakala amewaitisha kila mmoja ili awapatie barua ya majaribio. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Msitoe hata senti.

Klabu inayokutaka haikuitishi pesa. Inakuja na mkataba, na kabla ya kuomba visa ya mwanamichezo, shirikisho la mchezo huu, RFL, lazima liidhinishe kwa maandishi kwamba wewe ni mchezaji wa kiwango cha juu. Bila idhini hiyo, barua ya wakala ni karatasi tu. Tena kila klabu ina idadi ya wageni inayoruhusiwa, na nafasi hizo zinagombaniwa na vijana wa Australia, New Zealand na Papua New Guinea waliocheza mchezo huu tangu wakiwa wadogo. Mwenzenu aliyeuliza kama anaweza kuja kwa visa ya masomo kisha asajiliwe kimyakimya, mwambieni visa hiyo inakataza waziwazi kulipwa kama mwanamichezo. Atacheza raga ya chuo na afurahie. Akipokea pesa, anahatarisha visa na masomo kwa pamoja.

Sasa mishahara. Ligi kuu hapa inaitwa Super League, na imeweka kikomo cha mishahara: takriban pauni milioni 2.1 kwa kikosi kizima kwa mwaka, ukiondoa nafuu inayotolewa kwa nyota wachache. Wagawie wachezaji 30, inatoka kama elfu 70 kwa kila mmoja. Lakini haigawanywi hivyo. Nyota anachukua mara kadhaa ya hizo, na kijana aliyepandishwa juzi kutoka akademia anaweza kulipwa kama karani wa dukani. Elfu 70 hapa ni maisha mazuri, sikatai. Ila ni maisha ya miaka kumi hivi, mwili ukikubali, na si pesa za kandanda hata kidogo. Australia ndiko kuna pesa zaidi: kikomo cha klabu moja ya NRL, ligi kuu ya huko, kinapita dola milioni 11 za huko, na ndiyo maana Waingereza wazuri wanahama kila mwaka.

Chini ya Super League kuna Championship, na huko ndiko ninakokujua vizuri zaidi. Mchana mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, hospitalini. Jioni mbili kwa wiki na siku ya mechi niko na klabu ya daraja hilo. Karibu wachezaji wetu wote wana kazi nyingine. Kuna fundi bomba, kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna dereva wa lori anayefika mazoezini akiwa bado amevaa koti lake la kazini. Januari, giza limeingia saa kumi jioni, uwanja umeganda, nao wanaanza mazoezi saa moja usiku baada ya kutwa nzima kazini. Jumatatu moja fundi bomba wetu, anayecheza prop, yaani mstari wa mbele, alikuja kwangu mkono haupandi juu ya bega. Mwajiri wake alikuwa amempigia simu mara mbili asubuhi hiyo. Swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa lini atarudi kubeba mabomba. La mechi lilifuata baadaye.

Mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za Yorkshire na Lancashire zilijitenga na chama cha raga cha Uingereza kwa sababu wachezaji wao, wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani, walikuwa wanapoteza mshahara wa Jumamosi wakienda kucheza, na chama kilikataa walipwe fidia. Mnamo 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13. Watu wa huku wanaieleza historia hiyo kwa fahari, na mimi nimekuja kuipenda kwa sababu naiona mbele yangu kila Alhamisi usiku.

Ninyi mmezoea raga ya 15 na ya saba, kwa hiyo mjue tofauti inayoumiza. Huku mpira haugombaniwi chini. Mnapewa nafasi sita za kukabwa, kila ukikabwa unainuka na kuurudisha mpira nyuma kwa mguu, na wapinzani wamerudi mita 10. Wanapokuja tena, wanakuja wakiwa na kasi ya mita hizo zote. Mchezaji wa katikati anaweza kukaba mara 40 katika mechi moja. Zihesabuni hizo kama ajali ndogo 40.

Nami ndiye ninayekimbilia pale mtu anapogongwa akalala chini. Namwuliza: tuko uwanja gani? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Nimeona mchezaji akipepesa macho kuelekea ubao wa matokeo kabla ya kunijibu. Anajua nikimtoa kwa mtikisiko wa ubongo atakaa nje siku 11 angalau, na kwenye klabu kama yetu usipocheza hulipwi posho ya mechi. Natoa mtu huku ananitukana. Wako wachezaji wastaafu waliolishtaki shirikisho kwa sababu ya madhara ya ubongo, na mimi nikiwaangalia vijana wangu siwezi kulisahau hilo.

Mmeuliza pia kama Mwafrika anakubalika. Billy Boston, mtoto wa baharia wa Sierra Leone aliyezaliwa Cardiff, alikuja klabu ya Wigan mwaka 1953 kwa sababu raga ya 15 ya Wales haikuwafungulia weusi mlango. Aliifungia Wigan trai 478, na mwaka 2025 akawa mchezaji wa kwanza wa mchezo huu kupewa cheo cha "Sir". Clive Sullivan, naye mweusi wa Cardiff, alikuwa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia 1972. Barabara kuu ya kuingia Hull ina jina lake. Matusi ya jukwaani bado yapo, nimeyasikia kwa masikio yangu. Lakini ukikaba vizuri, mji mzima unakujua kwa jina.

Na wewe uliyesema wewe ni mfupi mno: Rob Burrow wa klabu ya Leeds alikuwa na mita 1.65, akatwaa ubingwa wa Super League mara nane. Mtazame kwenye fainali ya 2011 dhidi ya St Helens, halafu uniambie habari za urefu.

Binti aliyeuliza kuhusu wanawake sijamsahau. Super League yao ilianza 2017. Klabu chache zimeanza kuwalipa kitu kidogo. Wengi bado ni manesi, walimu na wanafunzi. Mwambie amalize stashahada yake ya uuguzi kwanza. Akipata kazi huku kwa njia halali, anipigie simu. Klabu ya kuchezea kwa kujifurahisha nitamtafutia mwenyewe, na viatu vya kwanza ni juu yangu.