Kikomo cha Bima Kinapovuka Daraja: Kwa Wanaoanza Dawati la Madai Ottawa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya madai hapa Ottawa, juma hili nimerudisha tena rasimu ya barua ambayo mwandishi wake alinakili kikomo cha fidia kutoka ukurasa wa kwanza wa mkataba na kuiacha kwenye faili ikisubiri saini, kana kwamba ajali ilitokea kwenye maegesho ya ofisi yetu. Sikuirudisha kwa ukali, kwa sababu mtakayoiona katika namba ya pili, lakini subira nayo ina mwisho wake. Tunafanya kazi katika mji wa Ontario ambamo mtu huvuka daraja la Macdonald-Cartier kwenda Gatineau, jimbo la Quebec, kununua mkate, na akigongwa huko, karibu kila sheria tuliyoizoea upande huu inambadilikia.

1. Andikeni mahali pa ajali kabla ya jina la mteja. Katika shauri la Tolofson dhidi ya Jensen la mwaka 1994, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba dai la ajali hutawaliwa na sheria ya mahali ilipotokea, hata kesi ikifunguliwa jimbo jingine. Kijana wa British Columbia aliyeumia Saskatchewan akiwa mtoto alifungua kesi jimboni kwao miaka minane baadaye, lakini kwa kuwa Saskatchewan ilitoa miezi 12 tu, dai lake lilikuwa limekwisha kupitwa na wakati. Kwa hiyo anayehesabu muda wa kushitaki kwa sheria ya Ontario kuhusu ajali ya Regina, mji wa Saskatchewan, anajitafutia balaa.

2. Msiamini kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba mpaka mjue gari lilikuwa wapi. Kiwango cha chini cha bima ya mtu wa tatu ni dola 200,000 Ontario na katika majimbo mengi, 500,000 Nova Scotia, na 50,000 tu Quebec. Cha Quebec ni kidogo kwa sababu tangu mwaka 1978 majeraha ya wakazi wake hulipwa na shirika la umma, SAAQ, bila kuuliza mkosaji ni nani, na kampuni binafsi zimebaki na uharibifu wa mali pamoja na dhima ya ajali za nje ya jimbo. Haya yote niliyajua kwa kichwa siku nilipoharibu kazi.

Mteja wetu wa Gatineau, mwenye kikomo cha 50,000 kamili, aligonga gari upande huu wa mto, na mama aliyekuwa akiliendesha akavunjika nyonga. Kosa halikuwa na ubishi. Nilifungua mkataba, nikatenga dola 50,000 kuwa akiba ya kulipia dai hilo, kisha nikamwandikia wakili wa yule mama kwamba hicho ndicho kikomo chote na kwamba tuko tayari kukilipa mara moja. Nilijiona mwungwana asiyezungusha watu. Kumbe yule mama alikuwa na kiambatisho cha ulinzi wa familia kwenye bima yake, OPCF 44R, chenye kikomo cha milioni moja, na kiambatisho hicho hufidia hasara inayozidi kikomo cha mkosaji, hadi kufikia kikomo chake chenyewe. Kwa hesabu yangu pengo lilikuwa 950,000, ilhali kwa hesabu sahihi lilikuwa 800,000. Kwa barua moja nilikuwa nimeitwisha kampuni ya bima yake mzigo wa dola 150,000 zilizokuwa zetu.

Mwenzetu wa kampuni hiyo alinipigia simu na kuniuliza, kwa upole ulionitoa jasho, kama sisi tulikuwa tumejiondoa kwenye Hati ya Uwakilishi na Ahadi. Nikamjibu kwamba nitaangalia. Niliangalia, nikaikuta imesainiwa miaka mingi kabla sijaajiriwa: kampuni inaahidi kwamba ikishitakiwa katika jimbo jingine haitatoa utetezi ambao usingekubalika kama mkataba ungeandikwa huko, na italipa walau hadi kiwango cha chini cha huko. Mteja wangu alikuwa na 200,000 tangu magurudumu yake yalipoingia Ontario. Barua ya kuifuta barua yangu aliisaini mkuu wangu mwenyewe, mbele yangu, bila neno, kisha akaniuliza kama nimekula. Heri angenikaripia.

3. Ahadi hiyo hupandisha kikomo, haikishushi. Mteja wa Ontario mwenye milioni moja anabaki nayo Montreal, na mwenye 200,000 akigonga mtu Halifax, mji wa Nova Scotia, mhesabieni 500,000. Waliowahi kushughulikia Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka, pale Namanga wasitafute ya kufanana nayo hapa, kwani dereva hanunui chochote mpakani.

4. Msimwambie mteja wa Ontario aliyeumia Gatineau kwamba SAAQ watamaliza kila kitu. Kanuni yao ni kwamba asiye mkazi hulipwa kwa kadiri asivyokuwa na kosa, isipokuwa pawepo makubaliano mengine, kwa hiyo fungueni mafao yake ya ajali chini ya mkataba wetu siku hiyohiyo. Mkishalipa, msikimbilie kudai marejesho kwa kampuni ya bima ya jimbo jingine. Kampuni ya bima ya Unifund ililipa mafao ya takriban dola 750,000 kwa watu wa Ontario walioumia British Columbia, ikataka kurejeshewa na ICBC, shirika la umma la bima la British Columbia, kwa sheria ya Ontario, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikasema sheria hiyo haiifikii ICBC, ingawa ICBC nayo ilikuwa imesaini ahadi ileile. Madai ya namna hiyo yaleteni mezani kwangu kabla hayajatoka ofisini, na ripoti ya polisi iwe juu ya faili, si chini yake.