Ukitafuta Kijiji cha Babu, Anza na Mto

Nimekipata kijiji cha babu! Tangu niweke habari hiyo kwenye kundi la ukoo simu haitulii, na wengi mnauliza jambo moja: unaanzia wapi?

Sisi ni Wangindo wa Liwale. Babu alituambia kwao ni ndani, huko ambako leo ni pori la Selous. Miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha watu wa huko, wakisema ni kwa sababu ya malale. Kijiji alikitaja kwa jina la jumbe wao, yaani mkuu wa kijiji, na jina hilo kwenye ramani za leo halipo kabisa. Nilipozidi kuuliza, baba mdogo mmoja akasema mbele ya watu kwamba natafuta mashamba ya kuuza. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Pori la hifadhi nitamuuzia nani?

Kumbe jina lilikuwepo kwenye ramani za Wajerumani, zile za skeli ya 1:300,000 zilizochapwa na Dietrich Reimer, Berlin, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maktaba za Ulaya zimeziweka mtandaoni bure. Wachoraji wake mara nyingi waliandika kijiji kwa jina la jumbe aliyekuwepo msafara ulipopita. Jumbe akifa, au watu wakihama, jina linaondoka nao. Ndiyo maana nasema anzeni na mto. Babu alikuwa akiutaja Mbarangandu, nami nikaufuata kwenye ramani kidogo kidogo mpaka nikalikuta jina la jumbe wetu.

Sikuridhika. Nikampigia shangazi, nikamsomea majina ya jirani bila kumwambia nimeona nini. La kwanza akanyamaza. La pili akasema, "Huko ndiko alikoolewa bibi yako mkubwa." Nililia, sioni haya kusema.

Jihadharini na tahajia. Mjerumani aliandika Songea kama Ssongea, Kilimanjaro kama Kilimandscharo. "Ch" yetu kwake ni "tsch". Miji nayo alibadili: Tukuyu ni Neu-Langenburg, Lushoto ni Wilhelmstal. Na ninyi ambao wazee wenu walihamishwa na Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuwakusanya watu vijijini, miaka ya 1970, tafuteni ramani za 1:50,000 zilizochorwa kwa picha za ndege kabla ya hapo. Zinaonyesha hata nyumba zilizotawanyika.

Lakini ramani bila mzee ni karatasi tu. Ndugu zangu, tunasafiri kwenda kuzika wazee ambao hatukuwahi kuwauliza walichota maji wapi! Wapigieni wiki hii. Waulizeni mito, vilima, njia ya kwenda Kilwa, jumbe wa ng'ambo alikuwa nani. Andikeni kama wanavyotamka, msiwasahihishe.

Na wewe baba mdogo, nakala yako nimeichapa kwenye karatasi kubwa. Iko kwa shangazi, kaichukue.