Pima Sarafu Kabla Hujaamini Picha

Marehemu babu yangu, aliyekuwa mvuvi huko Ukerewe, aliniachia sarafu ya rupia moja ya mwaka 1890, iliyotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye sura ya Kaisari Wilhelm II upande mmoja na simba na mtende upande wa pili. Ndiyo iliyonitia tamaa ya kutafuta nyingine kama hiyo, na kwa kuwa sikulijua duka la sarafu za kale hapa Mwanza, niligeukia minada ya mtandaoni, nikanunua rupia mbili kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo kwa jumla ya shilingi 240,000.

Nilizipeleka kwa sonara mmoja mzee karibu na eneo la Makoroboi ili nijisifu tu, wala sikwenda kuuliza. Rupia halisi ina uzito wa gramu 11.66 na kipenyo cha takriban milimita 30, na fedha iliyomo ni sehemu 917 kwa 1,000. Ile ya babu, pamoja na kulika kwake, ilikuwa na gramu 11.5. Ya kwanza kati ya zangu ilisoma 9.6. Ya pili ilisoma 11.6, nami nikashusha pumzi, lakini mzee akaikunja midomo na kusema, "Hii ni nene mno, kijana wangu."

Akaweka kikombe cha maji juu ya mizani, akairudisha mizani kwenye sifuri, kisha akaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini, kama wanavyopima dhahabu inayoletwa kutoka Geita. Mizani ikasoma 1.35, yaani gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu. Ukigawa 11.6 kwa 1.35 unapata 8.6, yaani ni nzito mara hizo kuliko maji, ambayo ni hesabu ya shaba nyeupe au ya njano, ilhali fedha ya rupia hukaribia 10.3. Jaribio hili huhitaji mizani inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu, nami naliamini kuliko sumaku, kwa sababu shaba haivutwi na sumaku, sawa na fedha, hivyo sumaku hukamata bandia za chuma peke yake.

Tulipozitazama kwa lenzi tuliona mkwaruzo uleule, mahali palepale, juu ya kofia ya Kaisari kwenye sarafu zote mbili. Sarafu mbili zilizopita mikono tofauti kwa zaidi ya miaka 100 haziwezi kuwa na kovu moja, isipokuwa zimetoka katika kalibu moja ya kumiminia metali. Mkwaruzo huo ulionekana hata kwenye picha za mnada, lakini sikuwahi kuzilinganisha.

Tahadhari kubwa zaidi iwekwe kwenye sarafu za dhahabu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, zenye tembo, kwa maana zilitengenezwa takriban 16,000 tu na bei yake huwavutia wengi, wakiwamo walaghai. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, nayo ina ujanja wake: imeendelea kupigwa kihalali hata katika karne ya 20 ikiwa bado imeandikwa 1780, kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya mabaki ya karne ya 18 anaweza kukulaghai kwa sarafu ambayo si bandia hata kidogo.

Kosa langu la mwisho lilikuwa uvivu. Kifurushi kilichukua wiki saba kufika, nikakiweka kabatini mwezi mzima, na nilipolalamika, muda wa kudai nirudishiwe pesa ulikuwa umekwisha. Siku hizi hufungua kifurushi siku hiyohiyo huku nikirekodi video, na kabla ya kuweka dau humwomba muuzaji anipigie picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, pamoja na picha ya ukingo wake, maana mstari mwembamba unaozunguka ukingoni ni alama ya kalibu ya vipande viwili.

Mwezi uliopita nilimwomba picha hizo muuzaji wa rupia nyingine ya 1890. Hakujibu, na siku mbili baadaye mnada ulifungwa, akaichukua mtu mwingine.