Wasomaji Wanauliza: Kuachana na Petroli

Wauzaji wa pikipiki za umeme wanasema ni safi. Lakini stima nayo si inazalishwa na mitambo? Naona tunahamisha moshi tu. Tena, soketi ya nyumbani itaimudu chaja? – Mwendesha bodaboda, Nakuru

Anzia kwenye tanki lako. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya takriban uniti 9 za stima (uniti ni kilowati-saa). Kwa kilomita 100 kwa siku, pikipiki ya cc 125 hadi 150 hunywa kama lita 2 na nusu, yaani uniti 22. Ya umeme hutumia kama uniti 3 na nusu kwa safari hizo hizo. Ukijumlisha zinazopotelea kwenye chaja, ni 4. Injini hugeuza kama robo tu ya petroli kuwa mwendo. Iliyobaki ndiyo joto linalokuunguza mguu ukigusa ekzosi.

Kwa hiyo hata stima yote ingetoka kwenye jenereta za mafuta, nchi ingechoma pungufu ya unachochoma wewe. Na si hivyo ilivyo: sehemu kubwa ya stima ya Kenya ni mvuke wa ardhini, maji na upepo. Mitambo ya mafuta hutegemewa zaidi jioni, watu wakiwa wanapika na kutazama runinga. Usiku ukikomaa matumizi hushuka, na kule Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, mvuke mwingine huachiwa ukapotea hewani. Chaji saa hizo. Bei maalumu ya vyombo vya umeme iliyoanza 2023 iliwekwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi siku za kazi, kabla ya kodi na tozo. Mita ya kawaida ya nyumbani haikupi bei hiyo, basi ulizia kabla ya kununua pikipiki.

Soketi haina shida. Chaja inayoipa betri ampea 10 huvuta kama wati 900 ukutani, chini ya pasi, na betri ya volti 72 yenye ampea-saa 40 hujaa kwa karibu saa 4. Hatari ni ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa, na chaja ya kuazima. Betri mbili zinaweza kuandikwa "72V" na zisiwe ndugu: ya litiamu na nikeli yenye seli 20 hujaa kwenye volti 84, ya fosfeti ya chuma yenye seli 24 hujaa kwenye 87.6. Chomeka betri ya kwanza kwenye chaja ya hiyo ya pili, utaijaza kupita kiasi, na moto wake hauzimwi kwa ndoo ya maji. Linganisha kibandiko cha betri na cha chaja kila mara.

Nina ekari moja ya nyanya. Maji yako mita 18 chini, kwa hiyo pampu ya petroli huteremshwa kisimani kwa kamba. Namwagilia kwa mifereji, mita za ujazo 40 kwa siku. Fundi anataka paneli 6 za wati 450, inveta na betri. Ananiibia? – Mkulima, Loitokitok

Kwanza, asishuke mtu tena kuiwasha pampu hiyo. Moshi wa injini hutuama kisimani, na gesi yake inayoua haina harufu.

Sasa hesabu. Chukua mita za ujazo za maji, zidisha kwa mita za kimo, gawanya kwa 367: hizo ni uniti za kuyanyanyua. Kimo chako ni 18, ongeza 4 za tangi na 3 za msuguano bombani, jumla 25. Mita za ujazo 40 zinataka uniti 2.7, pampu ndogo hufanya kazi kwa asilimia kama 40, hivyo paneli zitoe 6.8. Jua kali la muda wa saa 5 kwa siku, ukiondoa robo inayoliwa na joto, vumbi na nyaya, ni saa 3.75. Gawanya 6.8 kwa saa hizo, unapata wati 1,800, yaani paneli 4, na 2 za kufidia mawingu ya Julai. Fundi wako anajua kazi, ila amepigia hesabu mifereji. Weka mipira ya matone, ekari hiyo itatosheka na mita za ujazo 20, na paneli 3. Pesa ya zile nyingine ielekeze kwenye mipira na chujio la maji.

Betri acha. Akiba yako iwe tangi. Nunua pampu ya kuzama ya umeme wa jua moja kwa moja, yenye kidhibiti chake, na inveta hutaihitaji. Itundike mita 1 juu ya tope, iwe na kihisi cha kuizima maji yakikauka. Pia chunga kivuli: tawi moja juu ya paneli moja hupunguza nguvu ya zote zilizoungwa kwa mfuatano.

Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya mafuta mwaka 2024. Kenya ifuate? – Mwalimu, Machakos

Bado. Zuio hugusa magari yanayoingia, siyo yaliyopo, na nje ya Addis Ababa vituo vya kuchajia ni haba. Sisi tungeanza na bodaboda na mabasi yanayolala gereji moja. Hata hivyo Hazina ina swali lake: kila lita ya petroli au dizeli hulipa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, na uniti ya kuchaji hailipi hata ndururu.